Tarehe 12 Desemba 1963 na Watu Iliowaacha Nje

Muulize Mkenya yeyote aliyemaliza shule kabla ya 2017 nchi yake ina makabila mangapi, atakujibu 42 hujamaliza swali. Mwombe ayataje, atakwama kwenye ishirini na kitu. Hesabu hiyo ilikaririwa darasani miaka nenda miaka rudi, halafu serikali yenyewe ikaivuruga. Februari 2017 Wamakonde wakatangazwa kabila la 43. Julai mwaka huohuo Wakenya wenye asili ya Asia wakawa la 44. Julai 2023 Wapemba wa pwani nao wakatambuliwa. Hakuna hata jamii moja kati ya hizo iliyoshuka mzigo jana. Zilikuwepo nchini kabla bendera ya Kenya haijapandishwa, zikavua samaki, zikakata mkonge, zikafungua maduka, na baadhi ya watu wake wakafa bila kushika kitambulisho.

Kwa hiyo ukitaka kuelewa uhamiaji umeifanya nini Kenya, usianze na nani alifika lini. Anza na nani aliandikwa, na nani hakuandikwa.

Reli inafaa kwa mwanzo kwa sababu hesabu zake zipo. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na ziwani Kisumu mwishoni mwa 1901. Wajenzi waliletwa kwa mkataba kutoka India, wengi wao kutoka Punjab. Jumla yao 31,983. Waliokufa ni 2,493. Waliorudishwa kwa ugonjwa au kuumia ni 6,454. Waliomaliza mkataba na kurudi kwao ni 16,312. Waliobaki ni 6,724. Jumlisha mwenyewe: hapungui hata mtu mmoja. Mkoloni alikuwa mwangalifu sana kwenye daftari la vibarua. Simba wa Tsavo waliowala vibarua ndio waliopewa umaarufu, ingawa homa, kuhara na ajali za kazini viliua watu wengi kuliko wao.

Hapa kuna kosa ambalo bado linarudiwa magazetini: kwamba Wahindi wote wa Kenya ni wajukuu wa wajenzi wa reli. Sivyo. Walio wengi wanatokana na watu waliojilipia nauli ya jahazi au meli: wafanyabiashara wa Gujarat, makarani, mafundi seremala, waashi. Allidina Visram alikuwa ameshajijenga Unguja na Bagamoyo kabla reli haijawazwa. Reli ilipopita, yeye akaifuata na maduka yake, kituo kwa kituo, mpaka Uganda. Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, ndiye aliyekuwa mkandarasi wa kuleta vibarua, na ndiye aliyeanzisha gazeti la African Standard kule Mombasa, mama wa gazeti la Standard la leo. Hata fedha ilikuja na watu hao: mpaka 1920 mshahara na kodi katika himaya hii vilihesabiwa kwa rupia.

Wengine waliletwa kwa sababu nyingine. Askari wa Kisudani waliopigana katika jeshi la Mwingereza, ambao leo ni Wanubi, walipewa mahali pa kukaa msituni nje ya Nairobi, ndiyo Kibra yao, au Kibera kama wengi tunavyoandika. Makaburu wa Afrika Kusini walipanda na magari yao ya maksai mwaka 1908 hadi uwanda wa Uasin Gishu, wakajenga mji kuzunguka shamba namba 64, na mpaka leo wazee wa Eldoret wanauita Sisibo. Wamakonde walivuka kutoka Msumbiji kuja kukata mkonge na miwa, hasa Kwale. Wanyarwanda waliletwa kuchuma chai Kericho. Wapemba walifuata samaki. Mvuvi wa Pemba anapokwenda dago, yaani kambi ya msimu mbali na kwao, hafikirii mpaka wa nchi. Anafikiria upepo wa kaskazi na kusi. Dago lililokwenda vizuri likageuka kijiji. Na huko Mombasa, kabla ya hao wote, watumwa waliokombolewa baharini walikuwa wamepewa makazi Freretown mwaka 1875, watu wenye asili ya Wayao, Wanyasa na Wamakua. Kengele yao ndiyo iliyowaachia jina watu wa Kengeleni.

Sasa njoo kwenye ramani, kwa sababu ndiyo iliyozaa shida yote.

Serikali ya kikoloni iliigawa nchi katika maeneo ya wenyeji, kila kabila na hifadhi yake, na nyanda za juu zikawekwa kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika alitambulika kwa hifadhi aliyotoka, hifadhi kwa kabila, na kabila kwa chifu. Utaratibu huo ulikuwa na mantiki yake ya kikatili, lakini kwa mtu asiye na hifadhi ulikuwa ukuta mtupu. Mnubi hakuwa na hifadhi. Alikuwa na kambi. Mmakonde alikuwa na nyumba ya mwajiri. Mhindi alikatazwa kununua ardhi nyanda za juu, na malalamiko yake yalipofika London, jibu la mwaka 1923, lile la Devonshire, waziri wa makoloni wa Uingereza, lilitamka kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yanayotangulia. Tamko zuri kwenye karatasi. Nyanda za juu zikabaki za Wazungu, na Mhindi akabaki mjini. Ndiyo maana biashara ya reja reja ya mji baada ya mji ilikuwa mikononi mwake. Watu husema Wahindi wanapenda duka. Ukimzuia mtu kulima, atauza.

Uhuru ulipokuja, mfumo huo ulirithiwa kama ulivyo, ukaongezewa tarehe.

Katiba ya 1963 ilimfanya raia moja kwa moja, kuanzia 12 Desemba, mtu aliyezaliwa Kenya akiwa chini ya Uingereza, kwa sharti moja: mzazi wake mmoja angalau awe naye amezaliwa Kenya. Soma sharti hilo taratibu. Mmakonde aliyezaliwa Msumbiji hakuingia. Mtoto wake aliyezaliwa Kwale mwaka 1945 hakuingia pia, kwa kuwa baba na mama wote wawili walizaliwa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Ni mjukuu tu ndiye aliyeweza kupita, na mjukuu huyo ili apite alihitaji kuonyesha cheti cha kuzaliwa cha mzazi, kitu ambacho hakuna aliyekitoa kambini kwenye mkonge. Walioachwa nje walipewa miaka 2, hadi Desemba 1965, wajiandikishe. Wakili wa Nairobi alijua habari hiyo. Mkata mkonge wa Kwale angeijulia wapi?

Wahindi walijua, na wengi walisita. Walikuwa na pasipoti za Uingereza, na waliona afadhali kungoja waone upepo unaelekea wapi. Mwaka 1967 Bunge la Kenya likapitisha sheria mbili zilizowamaliza wanaongoja: Sheria ya Uhamiaji, iliyomtaka asiye raia awe na kibali cha kazi, na Sheria ya Leseni za Biashara, iliyomfungia biashara katika sehemu na bidhaa fulani. Ndege za kwenda London zikajaa. Mapema 1968 Bunge la Uingereza likapitisha kwa siku 3 sheria ya kuwazuia watu wenye pasipoti zake lenyewe. Sensa ya 1962 ilikuwa imehesabu Waasia zaidi ya 176,000 Kenya. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wenye asili ya Asia 47,555. Ukiwalaumu kwa kusita, kumbuka pia waliokuwa wameshachagua upande. Makhan Singh alifungwa na wakoloni kwa zaidi ya miaka 10 kwa kazi yake ya vyama vya wafanyakazi na kwa kudai uhuru hadharani. Pio Gama Pinto, Mgoa mzaliwa wa Nairobi, aliuawa kwa risasi Februari 1965, akiwa wa kwanza kati ya wanasiasa mashuhuri kuuawa baada ya uhuru.

Kuna jambo moja ambalo hata wanasheria wengi hulisahau. Katiba ileile ya 1963 ilisema kwamba yeyote atakayezaliwa Kenya baada ya uhuru ni raia kwa kuzaliwa, awe mtoto wa nani. Maana yake, kizazi kimoja kingetosha kuwamaliza wasio na nchi. Watoto wa Wamakonde waliozaliwa 1970 walikuwa raia kwa katiba, ijapokuwa hakuna aliyewapa karatasi. Kisha mwaka 1985 kifungu hicho kikabadilishwa: kuanzia hapo lazima mzazi mmoja awe raia, na badiliko likahesabiwa kurudi nyuma hadi siku ya uhuru. Mtu alilala raia akaamka si raia, na hakuna barua aliyoandikiwa. Sijui kosa lolote la baadaye lililofanya madhara mengi kuliko hilo.

Madhara yenyewe yanakwenda kwa ngazi. Mama asiye na kitambulisho anajifungua hospitali. Taarifa ya kuzaliwa inahitaji namba ya kitambulisho cha mzazi. Hana, sehemu inaachwa wazi. Cheti cha kuzaliwa kinakwama. Mtoto anaanza shule, kwa sababu mwalimu mwenye utu hatamfukuza mtoto wa miaka 6, lakini ikifika kujiandikisha kwa mtihani wa taifa, cheti kinadaiwa. Hapo ndipo familia huazima mzazi: jirani mwenye kitambulisho anaandikwa kama baba. Mtihani unafanyika. Baadaye kijana anatimiza miaka 18, anakwenda kwa chifu, na jina la baba kwenye cheti halilingani na baba anayejulikana kijijini. Sasa si mgeni tu, ni mdanganyifu. Bila kitambulisho hana laini ya simu kwa jina lake, kwa hiyo hana M-Pesa, hana akaunti ya benki, hawezi kuandika mkataba wa nyumba wala kupita kwenye lango la ofisi ya serikali. Mvuvi Mpemba asiye na kitambulisho hapati leseni ya uvuvi, basi anavua kwa jina la mwenye chombo na kulipwa anachopewa. Washona wa Kiambu, watu waliokuja kutoka Zimbabwe na kanisa lao miaka ya 1950 na 1960, wanajulikana kwa useremala na kwa vikapu vinavyofumwa na wanawake. Wengi wao waliendesha biashara hizo kwa laini za simu za majirani. Jirani akikosana nawe, pesa zako ni zake.

Katiba ya 2010 ilirekebisha mengi. Mama sasa anampa mtoto uraia sawasawa na baba, popote mtoto alipozaliwa. Uraia pacha umeruhusiwa. Mtoto anayeokotwa, anayeonekana kuwa chini ya miaka 8 na wazazi wake hawajulikani, huchukuliwa kuwa raia. Kisha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ikafungua dirisha la walioachwa: kifungu cha 15 kwa mtu asiye na uraia wa nchi yoyote aliyeishi Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963; cha 16 kwa wahamiaji waliokuja kabla ya tarehe hiyo; cha 17 kwa watoto wao. Dirisha lilikuwa la miaka 5. Lilipofungwa 2016 likaongezwa miaka 3, hadi 2019.

Ukilitazama kwa mbali, dirisha hilo lilikuwa la ukarimu. Ukilisogelea unaona mahali lilipobana. Mwombaji alitakiwa awe mtu mzima, ajue Kiswahili au lugha ya wenyeji, asiwe amewahi kufungwa miaka 3 au zaidi, aelewe haki na wajibu wa raia, na akusudie kuishi Kenya daima. Hayo yote yalikuwa mepesi. Zito lilikuwa "mfululizo tangu 1963". Mtu ambaye tatizo lake zima ni kukosa karatasi alitakiwa alete karatasi ya miaka 50 nyuma. Zilizowahi kuwasaidia watu ni hizi: risiti ya kodi ya kichwa, kipande cha mwajiri, kadi ya ubatizo au daftari la kanisa lenye tarehe, kadi ya kliniki, barua ya kampuni ya mashamba, na kiapo cha wazee wawili watatu wa eneo wanaomkumbuka. Jina ndilo huharibu. Karani wa mkonge aliandika alivyosikia, padri akaandika kwa namna yake, nesi kwa namna ya tatu; mtu mmoja anatokea ana majina matatu, na ofisa anayeyasoma Nairobi anaona watu watatu. Ilikuwa afadhali kiapo cha kuoanisha majina kifanywe kabla ya maombi kuliko baada ya kukataliwa. Tena dirisha lilimhitaji kila mtu mzima aombe peke yake: babu chini ya 16, mwana chini ya 17, na wa pili hakuwa na pa kusimama mpaka wa kwanza akubaliwe. Na aliyekuja 1965, hata akizeekea hapa, hakutajwa kabisa.

Matokeo yake, mlango uliofanya kazi kweli haukuwa wa sheria. Ulikuwa wa miguu. Oktoba 2016 Wamakonde walitoka Kwale wakitembea kuelekea Nairobi, polisi wakijaribu kuwarudisha njiani, hadi wakapokewa Ikulu. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba mwaka huo. Tarehe 12 Desemba 2020 rais huyohuyo akatangaza uraia kwa Washona 1,670 na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda. Wapemba, takriban 7,000, wakafuata chini ya Rais William Ruto, sherehe ikifanyika Kilifi.

Sina neno na waliotembea. Walikuwa wamemaliza njia nyingine zote. Tatizo langu ni umbo la zawadi yenyewe. Kumfanya mtu raia kwa kulitambua kabila lake ni kuikubali upya ile ramani ya hifadhi. Kunamtaka awe na kundi, kundi liwe na viongozi, viongozi wawe na orodha, na orodha ifungwe siku fulani. Aliyekuwa baharini siku ya kuandikishwa anabaki nje. Mwenye baba Mmakonde na mama Mrundi anaulizwa ni wa orodha ipi. Na kinachotolewa kwa tamko kabla ya uchaguzi kina harufu ya fadhila, wakati kilipaswa kuwa haki. Waasia walipotangazwa la 44, wengi wao walikuwa na vitambulisho tayari kwa miaka mingi. Walichopata ni nafasi kwenye orodha, wiki chache kabla ya kura ya Agosti 2017.

Wanubi wanatufundisha kwamba kutambuliwa hakumalizi mambo. Ardhi ya Kibera iliyopimwa zamani kwa ajili yao ilikuwa ekari 4,197. Hati waliyokabidhiwa Juni 2017 ni ya ekari 288. Vijana wao waliendelea kupigwa msasa, yaani kuhojiwa kuhusu uraia wao, na kamati za wazee kabla ya kupewa kitambulisho, wakati kijana wa Nyeri alimaliza kwa chifu asubuhi moja. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za mtoto ilikwishaamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi kwa utaratibu huo. Miaka 14 ikapita. Ni Februari 2025 ndipo Rais Ruto alipotangaza kwamba msasa huo unaondolewa.

Wakenya Wasomali waliupata msasa mkali kuliko wote. Mwaka 1989 waliitwa wao peke yao, wakahojiwa, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi ya kuthibitisha kwamba ni Wakenya, juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Kisha kambi za wakimbizi za Dadaab zikafunguliwa kuanzia 1991, na kaskazini mashariki ukame ukauma. Familia za Kikenya zikaona jirani mkimbizi anapata mgao wa unga, mafuta na zahanati, wao hawapati. Wakajiandikisha kama wakimbizi. Alama za vidole za mtoto zikaingia kwenye mfumo. Miaka ikapita, mtoto anaomba kitambulisho, mashine inajibu kwamba huyu ni mkimbizi. Maelfu walinaswa hivyo. Kumtoa mtu kwenye daftari hilo kunahitaji vitambulisho vya wazazi, barua ya chifu, kuhojiwa, na uthibitisho kwamba ndugu zake wa tumbo moja ni raia. Kisha jina lifutwe kwenye mfumo wa wakimbizi kwanza, ndipo ofisi ya usajili wa watu iweze kumgusa. Wengi hukwama katikati: upande mmoja umeshawafuta, wa pili haujawaandika.

Kwa mama Mkenya aliyeolewa na mkimbizi, kwenye kambi za Dadaab au Kakuma, hapo ndipo pa kuwa macho. Mtoto wake ni raia kwa kuzaliwa chini ya ibara ya 14 ya Katiba ya 2010, hata baba awe nani. Lakini raia huyo anaweza kupotea kwa saini moja, akiandikwa kwenye kadi ya mgao ya baba. Kinachomlinda ni cheti cha kuzaliwa kutoka kwa msajili wa serikali, chenye namba ya kitambulisho cha mama, kichukuliwe kabla mtoto hajafikishwa kwenye dawati la kuchukua alama za vidole kambini. Ikiwa kadi ya mgao imeshatangulia, mama asingoje mtoto afikishe miaka 18. Aombe kufutwa kwa jina mapema, wakati shahidi wa kuzaliwa kwake, mkunga au nesi, bado yupo na anaweza kuandika barua.